Nafasi ndogo kwenye filamu: Thelma Ritter alifanyaje akakumbukwa?

Swali: Mimi ni mwigizaji wa kike, nimevuka miaka 40. Napewa nafasi za dakika mbili tatu tu: nesi, jirani, mama mkwe. Nikijitahidi, mwongozaji anasema namfunika mhusika mkuu. Nikitulia, hakuna anayenikumbuka. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, umri usikutishe. Thelma Ritter, mwigizaji wa Marekani mzaliwa wa Brooklyn, alionekana kwenye filamu kwa mara ya kwanza mwaka 1947 akiwa na miaka 45, na jina lake halikuandikwa hata kwenye orodha ya waigizaji. Alicheza mama aliyechoka kuzunguka madukani akimtafutia mwanawe zawadi ya Krismasi. Kati ya filamu za mwaka 1950 na 1962 aliteuliwa mara 6 kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Hakupewa hata moja, na mpaka leo naona alidhulumiwa.

Mimi ni mhariri wa filamu, kwa hiyo nakujibu nikiwa upande huo. Ritter haingii mikono mitupu. Katika Rear Window (1954) ni nesi anayemhudumia mhusika mkuu, James Stewart, aliyefungwa plasta mguuni. Anamtia kipimajoto mdomoni, anamkanda mgongo, na wakati wote huo anamsema. Hamfuniki Stewart kwa sababu haombi kutazamwa, yuko kazini.

Katika Pickup on South Street (1953) ni Moe, muuza tai na mpasha habari wa polisi, anayedunduliza pesa ili asije akazikwa kaburi la mafukara. Muuaji anapomkuta chumbani, Ritter hapigi kelele. Amechoka, na uchovu ule unasikika katika kila neno. Kamera inamwacha, inakwenda kwenye gramafoni, kisha tunasikia risasi. Sijaona kifo kilichochezwa vizuri kuliko kile.

Sasa wewe: tafuta shughuli ambayo mhusika wako angeifanya hata kama mhusika mkuu asingekuwepo. Kila tendo lifunge kwenye neno lake. Ukiweka kikombe mezani unaposema “mwanangu”, kiweke kwenye neno hilohilo kila mnaporudia. Ukibadilisha, shoti zako, yaani vipande vilivyopigwa na kamera, haziungani, na mimi nabaki na uso wa mhusika mkuu tu. Nafasi nyingi ndogo hufia hapo. Mwenzako akisema, endelea na ulichokuwa unafanya, ila usianze tendo jipya, maana jicho la mtazamaji hufuata kinachoanza kusogea.