Katamarani kuukuu: gonga sitaha kabla ya kutoa arbuni

Picha za WhatsApp kutoka Kilifi au Mtwapa huonyesha rangi mpya. Kinachoua katamarani, yaani mashua ya miili miwili iliyounganishwa, ni maji yaliyojificha ndani ya sitaha, na hayo hayapigiki picha. Ukiwa Nairobi, weka M-Pesa yako mfukoni mpaka ushuke pwani mwenyewe.

Siku ya kushuka ichague kwa mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo ni bamvua: maji hupwa sana, kwa kawaida asubuhi katikati, na katamarani yenye mikuku mifupi hukaa yenyewe juu ya mchanga. Utaona tumbo lote bila kreni. Chombo cha mita 12 hufika karibu mita 7 kwa upana, na karakana za kukipandisha nchi kavu ni chache.

Beba nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki, chaki na tochi. Sitaha nyingi ni tabaka mbili za fibaglasi zilizobana mbao nyepesi za balsa. Maji huingia kupitia matundu ya skrubu yasiyozibwa vizuri, balsa ikaoza, tabaka zikaachana. Gonga kila sentimita 10, hasa kuzunguka winchi, nguzo za uzio, madirisha ya sitaha na kitako cha mlingoti. Palipo pazima hulia ko-ko, kavu na kali. Palipooza hutoa mlio mzito, kama kugonga godoro. Zungushia chaki, kisha upime eneo. Doa la ukubwa wa sinia ni kazi ya fundi mmoja na epoksi. Sitaha ikijaa chaki, rudi nyumbani. Kipimo cha unyevu husaidia, ila hudanganya juu ya chumvi au rangi yenye shaba. Linganisha sehemu moja na nyingine, usiamini namba peke yake.

Kisha ingia ndani. Katamarani hujipinda, kwa sababu wimbi huinua mwili mmoja huku mwingine ukishuka, na mzigo wote huo hubebwa na viwambaza, yaani kuta za ndani, vinavyoiunganisha miili hiyo. Fungua kila mlango na kila kabati, upande wa kulia na wa kushoto. Mlango unaokwama karibu na mlingoti unaweza kuwa dalili ya kiwambaza kilichokaa vibaya. Pitisha vidole pembeni, pale fibaglasi inaposhika plaiwudi: ikiwa imebanduka, huo ni ukarabati ghali sana. Nyufa nyembamba za juujuu kama utando wa buibui zisikutishe. Zinazofuata kona kwa mstari mrefu ndizo za kuogopa. Tazama pia chini ya sakafu ya daraja kati ya miili, ambako mawimbi hupiga kutoka chini.

Malengelenge kwenye tumbo huwatisha wanunuzi kuliko yanavyostahili. Machache hukwanguliwa, hukaushwa na kuzibwa.

Nyaya za mlingoti za chuma cha pua zikiwa na zaidi ya miaka 10, hesabu bei ya mpya. Futa kwa karatasi ya tishu pale waya unapoingia kwenye kishikio: uzi uliokatika utaichana. Michirizi ya kutu kwenye vyuma vinavyoshika nyaya huashiria ulaji uliojificha ndani ya sitaha, mahali pasipo hewa.

Injini ni mbili, kwa hiyo kila gharama zidisha mara mbili. Ziguse kabla hazijawashwa; zikiwa na joto, mtu amezitangulia kuziamsha, na hutajua zinavyowaka zikiwa baridi. Mafuta ya gia yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Vali za maji ya bahari zikikwanguliwa na kuonyesha rangi ya waridi, zinki iliyomo kwenye chuma chake imeliwa na zinaweza kuvunjika mkononi.

Mwisho, omba karatasi: hati ya mauziano, usajili, na uthibitisho kwamba ushuru umelipwa KRA. Mashua ya mgeni aliyetia nanga tu huenda haijalipiwa, na deni hilo halimo kwenye bei unayotajiwa na dalali.