Kabla ya Kuunganisha Vidhibiti vya Jengo, Panga Njia

Kazi yangu ni kuunganisha mifumo ya majengo: viyoyozi, pampu, boila, taa na mita za umeme, vyote visomeke na kuendeshwa kutoka skrini moja. Wateja wengi huniuliza kidhibiti gani, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, kiko salama zaidi. Mimi huwarudisha kwenye swali lingine: ni nani anayeweza kukifikia kidhibiti hicho, na anapitia wapi?

Sababu imo ndani ya itifaki zenyewe, yaani lugha ambazo vidhibiti huongea. Modbus ilitoka mwaka 1979. Nyingine, BACnet, ilianza kutungwa na ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, mwaka 1987 na kuwa kiwango rasmi mwaka 1995. Enzi hizo vidhibiti viliongea kwa waya wao wenyewe, na aliyeshika ufunguo wa chumba cha mitambo ndiye aliyeaminika. Baadaye waya huo ukaunganishwa na mtandao wa kawaida, lakini imani ile ikabaki vilevile. BACnet/IP ya kawaida, yaani BACnet kwenye mtandao wa kompyuta, inayopita kwenye poti (mlango wa mawasiliano wenye namba) ya UDP 47808, haiulizi nywila. Anayeweza kufikisha pakiti kwa kidhibiti anasoma joto la chumba, na kwa urahisi uleule anaandika amri ya kuzima feni. Modbus TCP kwenye poti 502 ni hivyohivyo. Nywila uliyoiweka kwenye ukurasa wa wavuti wa kidhibiti inalinda ukurasa huo tu. Amri za itifaki haziugusi. Mafundi wengi wa mitambo hawalijui hili, na watu wengi wa TEHAMA hawaliamini mpaka walione kwa macho yao.

Anza na orodha, tena kwa miguu. Fungua kila paneli, fuata kila kebo, andika kila anwani ya IP na kazi yake. Michoro ya zamani haitoshi. Nimekuta modemu ya laini ya simu ndani ya paneli, iliyoachwa na mkandarasi aliyekwisha kuondoka, ikiwaka na kuupita ukuta wote wa ulinzi wa ofisi. Usikimbilie kurusha programu za kuchunguza mtandao kwa kasi, maana vidhibiti vya zamani hulemewa na kuganda, na mtambo ukasimama katikati ya kazi. Soma kwanza majedwali ya swichi za mtandao, yanayoonyesha vifaa vilivyounganishwa.

Kisha vitenge. Vidhibiti viwe na VLAN yao, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile, na kati yake na mtandao wa ofisi kuwe na faiawali inayokataa kila kitu isipokuwa njia mlizokubaliana: seva hii iende kwa vidhibiti hivi kwa poti hii. Hapa ndipo watu wa mitambo na wa TEHAMA hugombana, na mara nyingi chanzo ni BBMD. BACnet/IP hutafuta wenzake kwa ujumbe unaotumwa kwa wote, na ruta haiupitishi ujumbe huo. BBMD huubeba kutoka mtandao mdogo mmoja hadi mwingine. Weka moja tu kwa kila mtandao mdogo; zikiwa mbili, ujumbe huweza kuzunguka na kujirudia hadi vidhibiti vizidiwe. Na kama BBMD inakubali kifaa chochote cha mbali kijisajili, basi umefungua mlango ule uliokuwa umeufunga. Mambo yakishindikana, fundi aliyechoka huomba faiawali ifunguliwe yote "kwa muda". Muda huo hauishi. Kataeni, mkae pamoja mbele ya mchoro mmoja mpaka njia ipatikane.

Kuandika nako kuna utaratibu wake. Amri za BACnet zina ngazi 16 za kipaumbele, na namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Amri ikiandikwa kwenye ngazi ya 8, ile ya mwendeshaji, ratiba iliyo ngazi ya 16 haisikilizwi mpaka mtu aiondoe amri hiyo. Nimeona mitambo ikikesha bure kwa sababu mfumo mmoja uliandika na kusahau. Mfumo wa kupima matumizi ya umeme upewe ruhusa ya kusoma tu. Unaohitaji kuandika, ukubaliwe kwa maandishi unaandika wapi, kwa ngazi gani, na nani anaiondoa amri.

Kidhibiti kisionekane kwenye intaneti hata siku moja. Mwishoni mwa mwaka 2016, huko Lappeenranta, Finland, shambulio la kufurika kwa mawasiliano lilifanya vidhibiti vya majengo mawili ya makazi vijiwashe upya mara kwa mara, na wakazi wakakosa joto katika msimu wa baridi. Hakuna aliyelazimika kujua nywila. Mkandarasi wa mbali aingie kwa VPN, yaani njia iliyofichwa ndani ya intaneti, kwa akaunti yake mwenyewe yenye uthibitisho wa hatua mbili, na njia ifungwe akimaliza. Wizi wa taarifa za kadi za benki za wateja wa maduka ya Target, Marekani, mwaka 2013, ulianza na nywila zilizoibwa kwa mkandarasi wa majokofu na viyoyozi.

Vipi kuhusu BACnet/SC, aina ya BACnet yenye ulinzi, iliyoingia kwenye kiwango mwaka 2019? Ni nzuri, na kwa jengo jipya ningeidai. Inatumia TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano, na vyeti vya kidijitali vinavyothibitisha kila kifaa, na haitegemei ule ujumbe wa kutumwa kwa wote. Lakini vyeti huisha muda, na kidhibiti chenye saa isiyo sahihi hukataa hata cheti ambacho bado ni halali. Amua mapema nani anatoa vyeti, nani anavihuisha, na saa inatoka wapi. Vidhibiti vya zamani vilivyo nyuma ya ruta kwenye waya wa MS/TP, ule wa BACnet usiotumia IP, havipati ulinzi huo, kwa hiyo utengano ule unabaki palepale.

Mwenye jengo ashike mwenyewe faili za mradi, funguo na nakala rudufu, na nakala moja ikae nje ya mtandao. Kabla ya kupokea kazi, ng'oa kebo ya seva mbele ya mkandarasi na uiache hivyo siku nzima. Mtambo wowote utakaosimama kwa kuikosa seva, ratiba na mantiki yake virudishwe ndani ya kidhibiti ndipo usaini.