Haki ionekane, siyo "ionekane kama"

Msomaji wa Morogoro kamsikia wakili redioni akisema: "Haki si itendeke tu, bali ionekane kutendeka." Anauliza: haki ikishatendeka, ionekane ya nini tena? Na msemo huu ni wetu?

Si wetu. Ni wa Lord Hewart, Jaji Mkuu wa Uingereza, mwaka 1923. Huko Sussex mwendesha pikipiki alitiwa hatiani kwa kuendesha kwa hatari. Mahakimu walipoingia chemba kushauriana, karani wao akaingia nao. Kumbe ofisi ya uwakili ya karani huyo ndiyo iliyokuwa ikisimamia madai ya fidia dhidi ya mshtakiwa yuleyule! Mahakimu wakaapa kwamba karani hakufungua mdomo. Hewart hakuwabishia, ila hukumu aliifuta. Aliyebaki nje ya mlango atajuaje kilichosemwa ndani?

Basi wakili wako hana kosa. Ugomvi wangu ni na wale wanaosema na kuandika "haki ionekane kama imetendeka." Hiyo "kama" wameiokota wapi?

"Onekana" imezaliwa na "ona", na inafanya kazi mbili. Mlima unaonekana: upo, unauona. Juma anaonekana kachoka: hapo unakisia. Ukishatia "kama", umehamia kwenye kukisia moja kwa moja. Chukua mama aliyemwachia dada wa kazi mtoto na uji. Jioni anarudi, anaambiwa, "Mtoto anaonekana kama amekula." Mama gani atakaa akanywa chai? Atafunua sufuria, atapapasa tumbo la mtoto, atauchunguza ule uji uliokaukia kidevuni: umemwagika wakati wa kula, au umepakwa? Lakini akiambiwa, "Bibi alikuwa hapa, kamwona akila," anavua viatu na kupumzika. Hewart alimtaka bibi. Wenye "kama" yao wanatuletea uji wa kidevuni, halafu wanapigiwa makofi.

Maana ukiisikiliza vizuri, "ionekane kama imetendeka" ni maelekezo kamili ya kuendesha kesi ya kuigiza. Majoho yavaliwe, majalada yapangwe mezani, watu wasimame jaji akiingia, na hukumu iwe ilishachapwa tangu jana. Yote yataonekana kama haki. Kesi ya nyani kapewa ngedere, ila ngedere kavaa joho.

(Wako pia ambao kwao haki "imeonekana" pale tu mtu wao aliposhinda. Hao dawa yao si sarufi.)

Mimi ningesema: haki itendeke, na watu waione ikitendeka. "Waione" haina ujanja. Mtu kaona au hajaona. "Ionekane kutendeka" nayo ina kaukungu kake, lakini imeshaota mizizi mahakamani na magazetini, na umri wangu hauniruhusu kung'oa kila kisiki. Naipisha. "Kama" siipishi, na mhariri akiipitisha nitamwandikia yeye, nakala kwa mkubwa wake.