Ukijaza Mtungi wa Gesi, Usiombe Nyongeza

Kwenye bidhaa nyingi, mteja mwenye bahati ni yule anayeongezewa kidogo juu ya kipimo. Kwa mtungi wa propani mambo ni kinyume. Muuzaji anayekujazia hadi pomoni kisha akakwambia "hiyo nimekuongezea", amekubebesha hatari. Anayekupunja naye amekuibia. Wote wawili wanaumbuliwa na mizani, ndiyo maana sijazi mtungi mahali pasipo na mizani, hata foleni iwe fupi namna gani.

Propani hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na joto likipanda hutanuka kuliko maji, tena mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mtungi hujazwa asilimia 80 tu ya ujazo wake. Asilimia 20 inayobaki si gesi uliyonyimwa, ni nafasi ya kutanukia. Ukiizibia nafasi hiyo asubuhi yenye baridi, jua la mchana linaweza kupandisha shinikizo mpaka vali ya usalama ifunguke na kumwaga gesi nje. Na kama "nje" hiyo ni ndani ya buti la gari lako, cheche moja inatosha.

Kabla ya kuukabidhi mtungi, soma namba zilizogongwa kwenye kola ya chuma inayozunguka vali. Kwenye mitungi mingi, TW ni uzito wa mtungi mtupu na WC ni uzito wa maji ambayo mtungi ungebeba ukijaa kabisa. Propani ikiwa kimiminika ina uzito wa karibu nusu ya maji, na ukitoa ile nafasi ya kutanukia, gesi isizidi takribani asilimia 42 ya WC. Tuseme WC ni kilo 21.6: gesi ni kilo 9. Kama TW ni kilo 8, mizani isimame kwenye 17. Mimi jumla hiyo nimeiandika kwa rangi ubavuni mwa mtungi, na nimeona jinsi inavyopunguza maneno. Anayejaza anaiona, nami ninaiona.

Halafu kuna gesi inayorudi na mtungi, na hapa ndipo watu wengi hupunjwa bila kujua. Moto ukififia tunadhani gesi imekwisha, kumbe pengine imebaki kilo nzima, hasa wakati wa baridi, maana gesi ikipoa shinikizo lake hushuka. Ukitozwa bei ya mtungi mzima, kilo hiyo umeinunua mara mbili. Omba mtungi upimwe kabla ya kujazwa, mizani ikianzia sifuri, kisha ulipie tofauti tu. Muuzaji mwaminifu haoni tabu. Kwenye vituo vya kubadilishana mitungi hilo haliwezekani, mabaki yako unayaacha pale, kwa hiyo huko peleka mtungi uliokwisha kweli. Kuuziwa kwa lita nako kuna walakini: kimiminika chenye joto kimetanuka, basi lita ya siku ya jua ina gesi pungufu kuliko lita ya siku ya baridi, isipokuwa pampu iwe inarekebisha kwa joto. Kilo haina ujanja huo.

Na usitegemee geji ya shinikizo kujua kiasi. Maadamu kimiminika kimo, mtungi uliojaa na unaokaribia kuisha huonyesha shinikizo lilelile kwenye joto lilelile.

Wakati wa kujaza, simama mbali kidogo lakini uione mizani. Mitungi mingi ina skrubu ndogo kwenye vali ambayo mjazaji huilegeza. Mwanzoni inatoa mlio mwembamba wa gesi isiyoonekana, kisha ghafla inatema ukungu mweupe. Ukungu huo maana yake kimiminika kimefika kwenye alama ya 80, na mkono unatakiwa kufunga papo hapo. Mjazaji avae glavu: propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na tone lake huunguza ngozi kwa baridi.

Muuzaji mmoja aliwahi kunikatalia kabisa. Aliupindua mtungi, akakwangua ukingo wa chini kwa ukucha, na kutu ikabanduka kama magamba. Siku hiyo alikosa mauzo, lakini tangu hapo sijazi kwingine. Tarehe ya ukaguzi ikiwa imepita, naye akatae vilevile.

Kuhamishia gesi uani kwa kuupindua mtungi mkubwa juu ya mdogo, achana nako. Gesi inayovuja ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini ikitafuta moto. Vimtungi vya kutumia mara moja ndivyo vibaya zaidi, vali zake hazikutengenezwa kwa kujazwa tena.

Safirisha mtungi ukiwa wima, ili vali ya usalama ikifunguka itoe mvuke, si kimiminika. Madirisha yawe wazi, na usipitie kwingine njiani. Nyumbani, ukishafunga regulata, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, funga vali na ubadilishe mpira wa kuzibia. Usiitegemee pua peke yake. Ndani ya mtungi mpya wa chuma, kutu inaweza kufifisha ile harufu inayotiwa kwenye gesi, basi mtungi mpya upake sabuni hata kama hunusi chochote.