Cp ya kilele na kasi ya kilele: usihesabu upepo mara mbili

SWALI: Shikamoo mhandisi. Tuna jengo la ghorofa 22 Dar es Salaam, na mteja alipeleka modeli yake kupimwa kwenye handaki la upepo (chumba cha maabara kinachopulizia modeli upepo). Ripoti inasema Cp ya kilele (namba inayoonyesha msukumo wa juu kabisa kwenye kioo ni mara ngapi ya msukumo wa upepo wa rejea; alama ya kutoa ni mvuto) kwenye vioo vya kona ni -3.2. Nimetumia kasi ya usanifu ya sekunde 3 (kilele cha upepo kinachodumu sekunde 3), mita 40 kwa sekunde kwenye kimo cha paa, nikapata zaidi ya kPa 3. Fundi wa vioo anacheka. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kuzidisha umezidisha sawa: 0.613 (nusu ya uzito wa mita moja ya ujazo ya hewa, kwa kilo) × 40² ni paskali 981, mara 3.2 ni kama kPa 3.1 za upepo kuvuta kioo kwenda nje. Tatizo ni hiyo 40.

Fungua ripoti pale wanapoeleza kasi ya rejea. Mara nyingi maabara hupima msukumo kwenye vitundu vya modeli, kisha huugawa kwa msukumo wa kasi ya wastani wa saa nzima kwenye kimo cha paa. Maana yake vishindo vyote vya upepo, yaani mipigo yake ya ghafla, vimo tayari ndani ya -3.2. Ukiizidisha tena kwa kasi ya kilele, umekilipa kishindo kilekile mara mbili. Mimi nililala na kosa hili wiki mbili nikidhani maabara ndiyo imekosea.

Katika eneo la wazi, mita 10 kutoka ardhini, kilele cha sekunde 3 huwa karibu mara 1.5 ya wastani wa saa. Kwa paa lako uwiano utakuwa tofauti kidogo, ila tukiutumia huohuo kwa makadirio, kasi inashuka hadi 27 hivi na mzigo unakuwa kama kPa 1.4. Kasi huingia kwa mraba wake, ndiyo maana 1.5 imezaa tofauti ya mara 2.25.

Usikimbilie kuagiza kioo chembamba, ingawa. Bado hujaongeza msukumo wa ndani ya jengo. Hakikisha pia -3.2 ndiyo mbaya kuliko zote katika pande 36 za meza inayozungushwa kila nyuzi 10, na uulize kama walipima bila majengo ya jirani. Jirani anayekukinga leo anaweza kubomolewa. Ukijikuta chini sana ya hesabu ya kitabu, kumbuka ASCE 7, kanuni ya Marekani ya mizigo ya majengo, kwa kawaida haikuruhusu kushuka chini ya asilimia 80 yake.

Na handaki halijui hali ya hewa ya Dar. Linakupa umbo tu. Kasi unaileta wewe. Rekodi fupi ya uwanja wa ndege haitakuonyesha kimbunga kama kile kilichoipiga Lindi mwaka 1952.

Kabla ya kumjibu fundi, waandikie maabara mstari mmoja: Cp hii imerejea kasi ya muda gani, na kwenye kimo gani?