Jina la ukoo la Mkroatia aliyehamia Marekani: fuata sauti, kisha fuata kijiji

Dada, umesema kwamba wazee wa baba wa watoto wako ni Wakroatia, kwamba jina lao halipatikani popote kabla ya sensa ya mwaka 1920, na kwamba familia inaamini karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, ndiye aliyelibadilisha. Nilipokuwa nikiutafuta ukoo wa mume wangu hapa Pittsburgh nilianzia hapo hapo ulipoanzia wewe, na nikapoteza karibu mwaka mzima.

Hadithi ya karani iweke kando. Makarani wa Ellis Island walikuwa na orodha ya abiria mkononi, iliyokwisha kuandikwa na watu wa kampuni ya meli huko msafiri alikopandia, na kazi yao ilikuwa kuhakiki yaliyomo. Majina mengi yalibadilika baadaye, katika daftari la mishahara la kiwanda cha chuma, shuleni, kanisani kwa padri wa Kiailandi, na mara nyingi kwa hiari ya mwenye jina.

Wakwe zangu huandika Yurkovich. Kwa Kikroatia ni Jurković, ambamo j hutamkwa kama y yetu ya «yai», na ć ya mwisho hukaribiana na ch yetu. Sisi tuna nafuu hapa, kwa sababu tumezoea kuona sauti moja ikivishwa herufi za kila mgeni: Wajerumani walioandika Kilimandscharo na Udschidschi wangeliandika jina hili Jurkowitsch, Mhungaria angeandika Jurkovics, na mwandishi wa Kiitaliano katika pwani ya Dalmatia Jurcovich. Litamke jina lenu kwa sauti, kisha jiulize kila mmoja wao angeliandikaje.

Kosa langu lilikuwa kuiamini mashine ya kutafutia. Mfumo wa Soundex, unaotumiwa na faharasa nyingi za Marekani, huiacha herufi ya kwanza kama ilivyo na kuzigeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Jurkovich hutoa J621 na Yurkovich hutoa Y621, kwa hiyo tarakimu zinalingana lakini herufi ya mwanzo inawatenga ndugu wa damu moja. Babu tuliyemtafuta, Ivan, alikuwa chini ya Turkovic, kwa kuwa aliyenakili orodha aliidhania J ya mwandiko wa mkono kuwa T. Nilimpata siku nilipoweka alama ya kuulizia mahali pa herufi ya kwanza na nyota mwishoni: ?urko*, yaani herufi yoyote mwanzoni na mwisho wowote. Kabla ya hapo nilikuwa nimemfuata kwa miezi Ivan mwingine wa umri ule ule; akina Ivan ni wengi kama akina Juma.

Usitafute nchi iitwayo Kroatia katika orodha hizo za abiria. Hadi mwaka 1918 ilikuwa ndani ya Austria-Hungaria, hivyo mtu wa karibu na Zagreb au Karlovac huonekana kama raia wa Hungaria, na wa Dalmatia au Istria kama wa Austria. Ukroatia wake uko katika safu ya kabila. Orodha za kuanzia mwaka 1907 zina hazina zaidi, yaani jina la ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani na mahali anapoishi. Hapo ndipo nilipomtofautisha babu yetu na yule Ivan wa bure.

Kisha tafuta mahali ambapo Wakroatia wenyewe waliliandika jina. Chama chao cha kusaidiana na kulipana bima kilianzishwa mwaka 1894 huku Allegheny, ambayo sasa ni sehemu ya Pittsburgh. Tangu mwaka 1926 kinaitwa Croatian Fraternal Union, na gazeti lake ni Zajedničar. Shangazi wa mume wangu alikuwa na hati ya bima ya chama hicho ndani ya kopo la biskuti, pamoja na risiti za mazishi. Juu, taipureta iliandika Yurkovich. Chini kulikuwa na sahihi ya babu mwenyewe: J iliyonyooka, na juu ya c ya mwisho kikwaju alichokikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Ukifika kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia, usishangae kumkuta Ivan akiitwa Joannes na Juraj akiitwa Georgius, kwani mapadri wengi waliandika Kilatini. Katika kijiji cha babu yetu huko Kroatia nusu ya nyumba zilikuwa za akina Jurković, na kilichotuokoa ni namba ya nyumba na lakabu ya kaya aliyoiongeza padri pembeni. Kama watu wenu ni wa Istria, jihadhari pia na waliobaki: kuanzia mwaka 1927 utawala wa kifashisti wa Italia uliyageuza majina ya huko kuwa ya Kiitaliano, na binamu zenu huenda wakawa chini ya jina ambalo mhamiaji wenu hakuwahi kuitwa.

Andika hapa jina linavyotamkwa na bibi yao, si linavyoandikwa, pamoja na mwaka wa kuwasili kama unaujua, tujaribu tahajia pamoja.