Jibu: Keki ya harusi ya wageni 250 iwe kubwa kiasi gani?
Hongera dada! Kwa wageni 250 usikubali kuuziwa mnara wa ngazi sita. Kipande cha ukumbini ni inchi 1 kwa 2, basi. Keki ya mraba ya inchi 12 inatoa vipande 72, ya inchi 10 vipande 50, ya inchi 8 vipande 32. Hizo tatu zikae mezani: 154. Kisha agiza mbili za inchi 10 zisizo na mapambo, zikatwe jikoni, nani atajua? Ila keki za wazazi zihesabu kando, maana zile wakwe wanaondoka nazo nzima nzima. Na muulize mwokaji kama ngazi ya chini ni keki kweli au boksi lililopakwa krimu. Mimi yalinikuta.